Gari Linapogonga Gia



Wapendwa waamini na wasomaji wa ukurasa huu, juma hili wengi wameniuliza, baadhi kwa mzaha na baadhi kwa wasiwasi wa kweli, kulikoni Baba Paroko aonekane siku 3 mfululizo amelala chali chini ya gari nyuma ya nyumba ya mapadre, mikono imejaa mafuta mekundu hadi viwikoni. Jibu fupi ni kwamba tulikuwa tunatengeneza na kuboresha gia boksi ya gari la parokia. Jibu refu ndiyo tafakari ya leo. Ndani yake nitaligusa pia lile azimio juu ya zaka na maziko, ambalo najua limewagawa watu katika jumuiya kadhaa. Naomba mnivumilie nikianza na chuma, kwa kuwa chuma ndicho kilichonipa nafasi ya kulifikiri jambo lile kwa utulivu.

Gari letu, kama mjuavyo, ni Toyota Hilux Surf ya dizeli ya mwaka 1996, lililotufikia likiwa limekwisha kutumika huko Japani. Ni gari la otomatiki. Kwa miezi kadhaa lilikuwa na tabia moja mbaya: kila lilipotoka gia ya kwanza kwenda ya pili liligonga, ukadhani limepigwa kwa nyuma na gari jingine. Kutoka ya pili kwenda ya tatu lilikwenda vizuri, na kutoka ya tatu kwenda ya nne halikadhalika. Sisi wenye afya tulizoea. Tukashika vishikio, tukacheka, tukaendelea na safari. Binadamu huzoea upesi ubaya usiomuumiza yeye.

Aliyetuamsha ni mzee wetu katekista wa kigango cha mlimani, siku alipoanguka na kuvunjika nyonga. Tulimlaza kwenye godoro nyuma ya gari, tukaanza safari ya hospitali ya misheni. Gia ilipogonga mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kama inawezekana, tubaki hapo hapo kwenye ya kwanza." Basi nikaivuta gia hadi kwenye L, tukatambaa hivyo kilomita zote zilizobaki, injini ikilalamika na vumbi la malori likitupita. Mzee sasa anatembea kwa mkongojo, na Mungu ashukuriwe. Lakini tangu siku hiyo sikuweza tena kuuita ugonjwa wa gari hilo tabia tu.

Gereji moja ya mjini ilitushauri tuitoe gia boksi nzima na kuweka nyingine ya mtumba kutoka Japani. Bei waliyoitaja ingetosha kuezeka kigango. Kamati ya fedha ikaniangalia, nami nikaiangalia kamati. Ndipo fundi mmoja mstaafu wa parokia yetu, aliyetumia ujana wake wote kwenye mabasi, alipouliza swali ambalo gerejini hakuna aliyeliuliza: "Baba, inagonga katika gia zote au katika moja tu?"

Niruhusuni nieleze maana ya swali hilo, hasa kwa vijana wanaopenda ufundi. Katika gari la otomatiki dereva hakanyagi klachi, lakini klachi zimo, tena ni nyingi, zimepangwa ndani kama sahani kabatini. Kinachozikandamiza ni mafuta yanayosukumwa na pampu. Chini ya gia boksi kuna kipande cha alumini ambacho mafundi hukiita valvu bodi, chenye mifereji mingi iliyopindapinda kama njia za mchwa. Humo ndimo mafuta yanamoelekezwa yaende klachi ipi na kwa wakati gani. Katika gia boksi za familia ya A340, ambayo ndiyo yetu, kompyuta ya gari huamua wakati wa kubadili gia kwa kutumia solenoidi, lakini nguvu ya mafuta hufuata waya unaotoka kwenye kikanyagio cha mafuta. Ukikanyaga sana waya huvutwa, nguvu ya mafuta inapanda, klachi zinashika kwa uthabiti ili zihimili mzigo.

Kama gia zote zingegonga, tungeutazama waya huo kwanza, au nguvu ya mafuta kwa ujumla. Kama gari lingegonga lilipokuwa baridi na kutulia lilipopata moto, tungeyashuku mafuta. Lakini ikigonga gia moja, tena daima ile ile, basi kosa limo katika njia ya gia hiyo peke yake, na kuitupa gia boksi nzima ni sawa na kuvunja nyumba kwa sababu ya bawaba ya mlango mmoja.

Hata hivyo waya tuliupima, kwa kuwa kazi hiyo haina gharama. Kikanyagio kikiwa kimekanyagwa hadi chini, nafasi kati ya kizuizi kidogo kilichobanwa kwenye waya na mwisho wa mfuniko wake wa mpira haipaswi kuzidi milimita 1. Yetu ilikuwa sawasawa. Hapo mmoja wa vijana akasema amewaona mafundi wa barabarani wakilegeza waya huo ili gari "liwe laini". Mzee fundi akacheka bila furaha. Ni kweli gari huwa laini. Nguvu ya mafuta inashuka, klachi zinashika kwa kusitasita, zinateleza, zinaungua kidogo kidogo, na baada ya muda mwenye gari anarudi na gia boksi inayonuka kama mkate uliosahauliwa motoni. Ulaini huo umekopwa, na siku ya kulipa itafika.

Nilikaa na neno hilo muda mrefu, maana katika uchungaji pia upo ulaini wa namna hiyo. Tutarudi hapo.

Sasa, ikiwa hatupunguzi nguvu ya mafuta, ni nini kinachozuia klachi isigonge? Ni kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita akumuleta. Hakina fahari yoyote: ni pistoni fupi inayocheza ndani ya shimo, na springi iliyo pamoja nayo. Mafuta yanapotumwa kwenda kwenye klachi, sehemu yake huingia katika shimo hilo na kuisukuma pistoni dhidi ya springi. Kwa sehemu ya sekunde nguvu haipandi yote kwa mkupuo. Springi inaipokea, inajikunja, na klachi inashika hatua kwa hatua. Pistoni ikifika mwisho wa safari yake, nguvu iko kamili kama ilivyokusudiwa. Yaani klachi haikupunguziwa hata chembe ya nguvu yake. Pigo tu ndilo lililopokewa mahali pengine. Kila mara gari linapobadili gia, springi hiyo inajikunja kwa niaba ya abiria, na hakuna anayejua kuwa ipo mpaka ikatike.

Tulianza Jumanne baada ya Misa ya asubuhi. Tulitandika turubai safi, tukayazuia magurudumu kwa magogo, tukaunyunyizia uwanja maji ili vumbi litulie, kwa maana vumbi ni adui mkubwa wa kazi hii. Kijana wetu mmoja aliyesomea ufundi wa magari VETA ndiye aliyeshika spana; mzee aliketi kwenye kigoda akiongoza; mimi nilikuwa wa kushika taa na kupokea mafuta usoni. Tulihitaji vitambaa visivyoacha nyuzi, kwa sababu uzi mmoja tu waweza kuikwamisha valvu. Mama sakristani aliposikia tunatafuta kitambaa cha namna hiyo alinikazia macho, ikabidi nimhakikishie mbele ya wote kwamba vitambaa vya altare havihusiki.

Sampo ilipofunguliwa tuliyatazama mafuta kabla ya jambo jingine lolote. Yalikuwa yamefifia rangi lakini hayakunuka kuungua, na sumaku za ndani ya sampo zilikuwa na unga laini wa chuma tu, bila vipande. Mzee akapumua. Unga ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Vipande vingekuwa habari nyingine, na pengine gereji ya mjini ingekuwa na haki. Bolti za valvu bodi zina urefu tofauti, kwa hiyo kijana alichora umbo lake juu ya kipande cha boksi na kuichomeka kila bolti mahali pake. Nawasihi wote wanaotaka kujaribu kazi kama hii wasiudharau mchoro huo. Valvu bodi iliposhushwa, kispringi na kivalvu vidogo vilidondoka kutoka juu yake, kama mzee alivyotuonya, vikadakwa na sinia ya masista.

Mashimo ya akumuleta yalikuwa hapo juu, manne. Pistoni hazitolewi kwa koleo, zitakwaruzika. Hupulizwa kwa upepo kupitia kitundu cha mafuta huku mtu amezuia kwa kitambaa. Upepo tuliupata kwa jirani yetu Mwislamu azibaye pancha pale njia panda, aliyeisukuma pampu yake kwa mkokoteni mpaka uwanjani kwetu na kukataa malipo. Pistoni ya kwanza ikatoka, nzima. Ya pili ikatoka, nzima. Ya tatu, ile ya breki ya gia ya pili, ilitoka kwa taabu, na nyuma yake springi ikaja katika vipande 3. Raba zake zilikuwa ngumu kama kucha.

Sote tulikaa kimya kidogo. Kipande cha waya kisichozidi kidole, nacho ndicho kilichomfanya mgonjwa wa nyonga ateseke kilomita zote zile.

Hapo yakaja majadiliano juu ya neno "kuboresha". Huko Marekani kuna biashara kubwa ya seti za kubadili mwenendo wa gia boksi: springi nyingine, vibati vyenye matundu yaliyopanuliwa, valvu za namna nyingine. Kijana wetu alizisoma na alizitamani. Lakini nyingi kati ya hizo zimebuniwa kwa ajili ya watu wanaotaka gia ishike kwa haraka na kwa ukali zaidi, wenye magari ya mashindano au yanayovuta matela mazito. Klachi inayoteleza kwa muda mfupi hudumu zaidi, nayo ni hoja ya haki. Ila gari letu hubeba wajawazito. Tuliamua kurudisha springi za vipimo vya kiwanda, zote 4 mpya, pistoni mpya na raba mpya, na uboreshaji tuuelekeze kwenye adui mwingine, yaani joto. Mafuta ya gia boksi hupenda kukaa karibu na nyuzi 80; yakizidi 120 mara kwa mara huharibika upesi, na raba hukauka. Kupanda kwenda kigango cha mlimani na watu 7 na magunia ya mahindi ni mateso kwa mafuta hayo. Kwa hiyo tulifunga kipozeo cha ziada mbele ya rejeta, ili mafuta yakishapita katika rejeta yapite na hapo pia kabla ya kurudi ndani.

Mafuta yenyewe yana historia ambayo mwalimu wa dini hawezi kuiacha ipite. Gia boksi ya kwanza ya otomatiki kutengenezwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, ilianza kuuzwa katika magari ya Oldsmobile mwishoni mwa mwaka 1939. Kwa miaka mingi baadaye, ili klachi zishike kwa upole, watengenezaji walichanganya katika mafuta hayo mafuta ya nyangumi yule mkubwa mwenye kichwa cha mraba. Mwaka 1970 Marekani ilimweka nyangumi huyo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na wanakemia wakalazimika kubuni viungo vingine. Nilipowasimulia watoto wa kipaimara kwamba zamani gari liliweza kwenda kwa upole kwa sababu ya nyangumi, mmoja aliuliza kama ndiye aliyemmeza Yona. Nilimwambia huenda ni wa ukoo.

Katika kurudisha vyote mahali pake palihitajika subira kuliko nguvu. Bolti za valvu bodi hukazwa kwa niutonimita 10 tu, nguvu ya mkono wa kawaida, kwa sababu alumini haimsamehe mwenye hasira. Tulijaza mafuta ya aina iliyotajwa na kitabu cha gari, maana si kila mafuta mekundu ni mamoja. Tukaliwasha gari, tukaipitisha gia katika nafasi zote taratibu, tukapima kwa kijiti injini ikinguruma na mafuta yakiwa ya moto. Alhamisi jioni kijana aliliendesha hadi njia panda na kurudi. Aliposhuka alisema hakujua gia ya pili iliingia lini.

Naja sasa kwenye azimio. Mwezi uliopita Halmashauri ya Walei ilipendekeza kwamba familia ambayo haijatoa zaka kwa miezi 12 isipewe huduma ya maziko ya Kanisa, na kwamba jambo hilo lianze Jumapili inayofuata. Nililipokea azimio, sikulitia saini. Wapo waliosema paroko anawaogopa watu. Wapo waliosema anawapendelea wavivu. Nataka nieleze.

Nguvu ya azimio lile ni ya haki. Makatekista wetu wamekaa miezi bila posho. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 222, inawataka waamini wayategemeze mahitaji ya Kanisa lao, na mchungaji anayelinyamazia jambo hilo ili apendwe anaulegeza ule waya wa barabarani. Parokia ya namna hiyo huonekana tulivu huku ikiungua ndani. Sitaulegeza.

Lakini kanuni ya 1184, inayowataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa, haimtaji asiyetoa zaka, na kanuni ya 1181 inaagiza waziwazi kwamba maskini wasikoseshwe maziko yanayowastahili. Halmashauri haina mamlaka ya kuongeza adhabu ambayo Kanisa halikuiweka, wala mimi sina. Kwa hiyo hapana: hakuna marehemu atakayeachwa mlangoni mwa kanisa hili kwa sababu ya kadi. Tena tujiulize pigo la azimio lile lingempata nani. Aliyefariki hasikii kitu. Anayegongwa ni mjane, siku ile ambayo hana hata nguvu ya kusimama.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 64 ya Kanuni yake aliyoandika katika karne ya 6, anamwonya abate anaporekebisha makosa asiikwangue kutu kwa pupa hata akakivunja chombo. Hakumwambia aiache kutu. Wamonaki wake wa Peramiho na Ndanda, ambao karakana zao zimefundisha mafundi wengi wa kusini mwa nchi yetu, nadhani wanaielewa sura hiyo kwa mikono yao pia.

Nilichoiomba Halmashauri, nayo Ijumaa ilikubali baada ya mjadala mrefu na mkali, ni mahali pa kupokelea pigo. Kwa miezi 3 viongozi wa jumuiya wataitembelea kila familia iliyo nyuma, wawili wawili, wakiwa na masikio kabla ya daftari. Asiye na fedha atatoa mahindi au siku ya kazi, na itaandikwa kuwa ni zaka kamili. Aliye na uwezo na hataki hatasomwa jina kanisani. Ataletwa kwangu, nami nitaongea naye ana kwa ana, wala sitaongea naye kwa ulaini. Najua kazi hii itawachosha viongozi wa jumuiya. Watatukanwa katika nyumba kadhaa badala ya mimi kutukanwa, na watarudi kwangu na hasira za watu wengine. Nimewaambia hivyo waziwazi kabla hawajakubali, na wawili walijiondoa. Siwalaumu.

Barua itasomwa katika jumuiya zote juma lijalo. Gari litapanda kigango cha mlimani Jumamosi, na wagonjwa wanaopaswa kwenda kliniki wajiandikishe kwa katekista mapema, nafasi ni 6. Mafuta machafu tuliyoyatoa yako katika madumu mawili nyuma ya stoo; anayehitaji kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa aje achukue, ila tafadhali yasimwagwe karibu na kisima.

Paroko wenu.